Nimemficha mama mkwe michembe aliyoikausha mwenyewe

Nina miaka 31, mama wa watoto watatu, naishi Kishapu kwa mama mkwe wangu. Jina langu lisionekane tafadhali, wifi zangu wanausoma ukurasa huu. Mume wangu yuko Katoro anachimba dhahabu kwenye duara, shimo la mgodi la watu wengine. Simu anapiga, ila cha kutuma hana.

Msimu huu mahindi yalikaukia shambani. Ndani tulibaki na mtama kidogo na gunia la michembe, viazi ambavyo mama alivikata na kuvianika mwenyewe. Sasa huyu mama ana mkono wazi mno. Kwake, mtu akikukuta unakula, anakaa anakula. Majirani nao wana njaa, saa yetu ya chakula wanaijua kuliko sisi. Nikaona gunia halitafika popote. Nikalificha chumbani kwangu, nikamwambia, "Mayu, michembe imebunguliwa yote, nimeimwaga." Akasema tu, "Basi, tutafanyaje."

Tangu hapo, mchana akienda kutafuta kuni nawachemshia watoto michembe na kuwakataza wasiseme. Yeye simpi, maana nikimpa atajua. Jioni tunakula ugali wa mtama sote pamoja.

Nilikuwa naona anamega matonge mawili, anasema ameshiba, sahani anawasogezea wajukuu. Nikadhani ni uzee. Juzi nikamsikia akimbembeleza mdogo wao, "Kula mjukuu wangu, mimi mtu mzima navumilia. Wewe tangu asubuhi hujaweka kitu tumboni." Na mtoto, kwa kuwa nimemkataza kusema, akala tu. Jamani, nilijiona mchawi.

Jana aliinuka kwenye kigoda akayumba, nikamdaka. Mkono mifupa mitupu. Akaniambia, "Mwanangu alioa. Njaa yote hii, wajukuu zangu hawalii." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Michembe bado ipo. Nilifikiria kudanganya kuwa nimeletewa kutoka kwetu, lakini mkato wa kisu chake anaujua. Nikisema ukweli, atajua nimemlaza njaa kwa jasho lake, na wifi zangu hawataniacha niishi hapa. Nikinyamaza, huyu mama ataniishia mikononi huku akinisifia.

Mnitukane, nastahili, ila mkimaliza nishaurini. Jioni hii atasukuma tena sahani yake kwa watoto walioshiba. Nianzeje kumwambia?