Tairi la Alhamisi

Katika ndoa yetu tumegombania mambo machache, na moja kati ya hayo ni tairi la baiskeli. Mume wangu aliamini kwamba tairi lina haki ya kuishi mpaka pumzi yake ya mwisho. Mimi, niliyekuwa nakalishwa kwenye keria na mtoto kifuani, niliona tairi hubadilishwa kabla halijakuaibisha njiani.

Ilikuwa miaka ya themanini. Tulikaa mashambani nyuma ya Kilifi, katika boma la baba mkwe wangu. Mimi ni mtu wa bara niliyeolewa pwani, na mume wangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Bofa. Baiskeli yetu tuliinunua kwa kibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, nayo chumvi ilikuwa imekwisha kuzila rimu. Kingo zake zilikuwa na kutu yenye meno, zikawa zinayatafuna matairi ubavuni.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu, kama si mguu wa binti yetu. Alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, unyayo unautazama mguu mwenzake. Wako walioniambia nimwachie Mungu. Nikamwachia, na Mungu akamtuma mama mmoja wa kanisani kutuelekeza hospitali ya Kilifi. Huko kila Alhamisi asubuhi muuguzi aliikata plasta ya zamani, akaunyoosha mguu kidogo, kisha akaufunga plasta mpya. Naye hakunificha.

"Usikose hata wiki moja, mama," aliniambia. "Ukikosa, mguu utarudi ulikotoka. Na mtoto yuko karibu kusimama. Akizoea kusimamia ubavu wa mguu, kuunyoosha itakuwa kazi kubwa."

Gari la kwetu lilikwenda mjini siku za soko tu, na Alhamisi haikuwa siku ya soko. Kwa hivyo mguu wa mwanangu ulikuwa juu ya tairi la nyuma.

Kila Jumatano jioni kulikuwa na kesi uani. Mume wangu aliipindua baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu na kulikagua. Baba mkwe alikuwa mgema. Alishuka minazini akaja moja kwa moja na madumu yake ya tembo, akachutama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Mimi nilitoa ushahidi nikiwa jikoni, bila kuitwa.

"Hilo lina upara!"

"Tairi halihukumiwi kwa upara, mkazamwanangu," baba mkwe alinijibu. "Huhukumiwa kwa nyuzi. Zikitokeza nyuzi, hilo si tairi tena, ni kamba."

Hatimaye nyuzi zikatokeza. Mume wangu akakata kipande cha tairi kuukuu, akakichomeka ndani kama wafanyavyo wote, tukawa tunakwenda Kilifi huku gurudumu likirukaruka kila linapozunguka. Matako yangu yanakumbuka mpaka leo. Dukani tairi la kipimo chetu halikuwepo. Daraja la Kilifi lilikuwa bado halijajengwa, na mwenye duka alituonyesha tu upande wa pili wa maji. "Mzigo wangu uko ng'ambo unangoja feri. Subirini."

Kusubiri ndiko tulikokuwa hatukuwezi. Jumatano moja mume wangu akarudi kutoka Bofa akiisukuma baiskeli. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka kama muhogo uliochemka sana. Nilikasirika sana. Kwenda kwa miguu na mtoto tungefika baada ya adhuhuri, na muuguzi wa plasta hakukaa baada ya adhuhuri. Baba mkwe alilitazama lile tairi, akaenda zake kwa wagema wenzake. Nilidhani hakujali. Nikalia mbele ya sufuria, nikasingizia moshi.

Alfajiri nilifungua mlango nimemfunga mtoto mgongoni, tayari kwa safari ya miguu, liwalo na liwe. Baiskeli ilikuwa imesimama ukutani. Tairi la nyuma lilikuwa jipya, bado lina vile vinyweleo vya mpira, na linanuka tembo. Nililifahamu. Lilikuwa la baiskeli ya baba mkwe ya kubebea tembo, alilolivalisha juzijuzi tu baada ya kulisubiri miezi. Baiskeli yake yenyewe isingetufaa, kwa kuwa keria yake aliichomelea vyuma vya kushikilia madumu na mtu hawezi kukaa. Hiyo sasa ilikuwa imelazwa kando ya banda, gurudumu la nyuma rimu tupu. Mwenyewe hakuwepo.

Tulimkuta njiani. Alikuwa amechukua mzegazega, dumu mbele na dumu nyuma, ule mti umemlalia begani, na safari ya kwa wateja wake haikuwa fupi. Mume wangu akashika breki.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Msisimame! Mtoto asikose zamu yake."

Tukafika mapema. Mimi, mlokole nisiyekubali hata chupa ya tembo iingie chumbani mwangu, nilikwenda nikimshukuru Mungu kwa mgema na kwa minazi yake yote. Sijapata kushukuru vile hata kanisani. Mzigo wa ng'ambo ulipofika, mume wangu alinunua tairi na kumpelekea baba yake. Mzee akalivalisha lile kwenye baiskeli yake, akatukataza kulivua lake. "Limekwisha kuizoea rimu yenu, liacheni," alisema. Lakini siku zote za katikati alikuwa ametembea, na bega lake lilitoka sugu nililoliona kila alipovua shati.

Ilipokatwa plasta ya mwisho, muuguzi alitupa viatu vya kumfunga mtoto wakati wa kulala, akatuambia twende na amani. Tulipofika nyumbani baba mkwe alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Hakuutazama mguu. Alimshika makwapani akamsimamisha mchangani, pale mbele ya mlango, akamwacha auhisi uzito wake. Kisha akamwinua taratibu. Mchangani palibaki nyayo mbili ndogo, zote mbili zimeelekea mbele.

Asubuhi yake niliinama na ufagio kufagia ua kama kawaida. Nikamsikia baba mkwe akiita kutoka juu ya mnazi.

"Hapo usifagie, mwanangu."

Kila asubuhi nilifagia pembeni mwa nyayo zile, mpaka upepo ukazichukua wenyewe.