Uzi wa Ua la Boga

Asubuhi hii mmea wa boga nilioupanda kwenye ndoo, hapa barazani, umetoa ua lake la kwanza. Harufu yake tamu, yenye ubichi wa majani, imenirudisha utotoni kwenye parseli yetu, kiwanja chetu kule Munigi, kati ya mawe meusi ya volkano.

Moshi wa mlima ulikuwa umefukuza nyuki, basi mama alifanya kazi yao mwenyewe, mapema, kwa kuwa maua ya boga hujifunga jua likipanda. Alichuma ua la kiume, akabandua petali zote mpaka kikabaki kijiti cha katikati chenye chavua ya manjano.

"Angalia, mutoto wangu. Hii ya kike iko na kaboga kadogo chini yake. Unaipakaa hii unga mule katikati, polepole."

"Na tusipoipakaa, mama?"

"Kaboga kananyauka, kanaanguka."

Kisha akalifunga lile ua la kike kwa uzi, majivu yasiingie.

Papa, baba yangu, alikuwa amepanda gari la Rutshuru kwenda kununua maharage, na msimu mzima wa mvua ulikuwa umepita bila yeye kurudi. Boga la kwanza lilipokomaa, mama alikataa kulipika.

"Hii ni ya papa yako," alisema, akaliweka juu ya kabati.

Lilikaa pale mpaka likawa jepesi, mbegu zikicheza ndani kila nilipolitikisa.

Ua langu la leo ni la kike, na hakuna la kiume lililofunguka la kulipa chavua. Nimelitazama mpaka likaanza kujikunja. Kisha nimetafuta uzi, nikalifunga.