Kiatu changu juu ya kigoda cha mzee

Marafiki, leo msiniulize intavyuu ilikuwaje. Nina aibu hata ya kuinua macho.

Mnaijua ile picha yangu kwa mtandao wa kutafuta kazi? Ile niko ofisini na suti, mguu nimeuweka juu kama bosi?

Ile ofisi si yangu. Binamu yangu Ekai hufagia hapo, Lodwar. Jumamosi alinifungulia nipige picha haraka nitoke.

Na picha ikafanya kazi! Shirika lingine, la Kakuma, likaniita.

Leo nimeingia. Mzee mmoja aliyealikwa kusaidia kuhoji hakuniuliza swali lolote. Alinionyesha simu yake tu.

"Kijana, hii ni ofisi yangu."

Nikacheka. Sijui hata kwa nini nilicheka.

Akaivuta picha ikawa kubwa, mpaka kwa kiatu changu.

"Na hapa umekanyaga ekicholong ya marehemu baba yangu."

Ekicholong, jamani! Kigoda ambacho mzee hukalia, na akilala anaweka kichwa. Mimi, Mturkana mzima, nimekiwekea kiatu.

Ningeomba msamaha. Lakini akauliza polepole, "Nani alikufungulia?"

Nikamtaja Ekai. Sikungoja hata aulize mara ya pili.

Sasa niko steji nangoja gari ya Lodwar, na Ekai amepiga simu.

"Ejok, ndugu! Bosi wangu ananitafuta. Wamekuchukua, sindio?"

Nimemwambia simsikii vizuri, nikakata.

Nitukaneni tu hapo chini.