Jozi Mbili za Visikizio na Sauti ya Mama Mkwe

Kosa nitakalolisimulia hapa ni kiburi, tena kiburi cha aina ya pekee, kiburi cha mtu anayeamini kwamba Mungu alipokuwa akigawa masikio alimpa yeye ya kusikilizia na wengine akawapa ya kuzuia kofia isiteremke. Nalitaja mapema, ndugu zangu, ili msije mkanionea huruma bure. Nimekwisha kuwasimulia makosa mengi ya watu wengine, nikiwa nimekaa wima na kidole nimekiinua, na haki inadai kwamba safari hii kidole nikielekeze kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa kwendea Mlola, ambako alasiri, watoto wakishakwenda makwao, darasa lile lile liligeuka kuwa la watu wazima. Watu wazima wenyewe walikuwa akina mama kumi na tisa (wanaume walijiandikisha wengi, wakahudhuria juma moja, kisha wote kwa pamoja wakakumbuka kwamba wana ng'ombe), na aliyewaleta pale hakuwa mimi na hotuba zangu, bali mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, mjane wa umri wa kama miaka sabini, ambaye alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wenzake, "Mimi niliyebakiza miaka michache najifunza, wewe uliyebakiza mingi unangoja nini?" Waislamu kwa Walutheri wakamfuata. Basi tukaletewa habari kwamba Jumatano mkaguzi wa elimu ya watu wazima angepanda kutoka Lushoto kuja kuwasikia wakisoma, na kwamba akikuta darasa halina watu, vitabu vyote vitahamishiwa kijiji kingine chenye hamu zaidi.

Sasa niwaeleze habari ya vile vyombo. Daktari mmoja wa kigeni wa hospitali ya misheni, mtu aliyependa muziki kuliko chakula, alikuwa anarudi kwao, akatuachia tepurekoda yake pamoja na jozi mbili za visikizio vya kuvaa kichwani, vitu vya thamani ambavyo hata Tanga mjini sikuwahi kuviona katika duka lolote. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, yenye mito minono ya ngozi iliyomeza sikio zima. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyepesi, yenye sponji nyembamba na utepe wa chuma uliorefuka na kufupika. Moja tubaki nayo sisi, nyingine apelekewe mwalimu mwenzangu wa Rangwi. Daktari alipokuwa akinikabidhi alisema maneno machache tu, kwa Kiswahili chake cha kukata kata: "Mwalimu, chagua pamoja na wanafunzi. Wao ndio watavaa."

Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, mama aliyeshika jembe tangu alfajiri atajuaje tofauti ya sauti na sauti? Nikaamua nitachagua peke yangu, Jumanne alasiri, kabla darasa halijaanza, na uamuzi huo mdogo ndio mzizi wa yote yaliyofuata.

Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha, na baridi ile mnayoijua. Nikamwita msaidizi wangu, Mwalimu Hiza, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri, nikamketisha mbele yangu na daftari aandike hukumu zangu, nami nikaketi nikiuelekea ubao, mlango na madirisha yote yakiwa nyuma yangu (mtu mwenye busara haupi mlango mgongo, lakini hilo nilijifunza baadaye). Kanda niliyoweka ilikuwa ile tuliyorekodi juma lililopita, akina mama wakisoma kitabu chao ukurasa kwa ukurasa, na mwishoni wimbo wao wa kilimo.

Nikaanza na ile nyepesi. Sauti ilikuwa safi, sikatai, lakini pamoja na msomaji nilimsikia kuku wa jirani, nikasikia miguu ya mtu njiani, nikasikia hata kalamu ya Hiza. Nikasema, "Andika: jozi nyepesi, haibani kichwa, ila inavuja. Alama sita."

Kisha nikavaa ile nzito. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Mlima wote ulinyamaza. Masikio yakapata joto kama yaliyotiwa katika mfuko wa blanketi, na ndani ya kimya kile nikawasikia wanafunzi wangu kana kwamba wamekaa ndani ya kichwa changu, kila pumzi, kila ukurasa unaofunuliwa, kila mate yanayomezwa kabla ya neno gumu. Nikafumba macho. Na kwa kuwa sikuisikia tena sauti yangu mwenyewe, nikaamini kwamba namnong'oneza Hiza, kumbe (haya nimeyajua kwa ushahidi wa watu wengi) nilikuwa nikipaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde.

"Andika, Hiza. Sauti za chini, kumi. Sauti za juu, tisa. Hii jozi haina huruma, inafichua kila kitu. Msikie huyu wa ukurasa wa kwanza, anasoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kila jiwe analiogopa. Huyu wa pili ana mafua tangu Krismasi. Huyu hasomi, huyu anagombana na kitabu."

Nilipofumbua jicho moja nilimwona Hiza hajaandika lolote, uso umemsawajika, naye ananionyesha dirisha kwa kidole. Nikadhani anasikia baridi, anataka lifungwe. Nikamwambia, "Baridi haijapata kumuua mwalimu. Kaa uandike." Akanionyesha mlango. Nikamwambia na mlango tuuache. Akasimama, nikamketisha kwa mkono. Kanda ikafika ukurasa wa tatu.

"Na huyu," nikasema, "huyu ni mama mkwe wangu. Mungu anisamehe, Hiza, lakini visikizio havidanganyi. Sauti hii ni bawaba ya mlango wa ghala. Ukiufungua taratibu ndiyo kwanza inalia."

Hiza akafunika uso kwa daftari. Nikadhani anacheka, nikafurahi, maana mimi si mtu wa kuchekesha na fursa zangu ni chache. Ukaja wimbo. Nami, kwa kuchangamka, nikaona niwatilie akina mama wale sauti ya nne waliyoikosa, nikaimba beti zote tatu kwa nguvu zote za kifua changu, nikipiga meza.

Kanda ikaisha. Nikavua visikizio, nikasikia kimya cha namna nyingine kabisa, kimya cha watu wanaopumua. Nikageuka. Madirisha yote mawili yalikuwa yamejaa vilemba, na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wangu, kitabu kifuani, amekuwa akiingoja shikamoo yangu, kwa hesabu ya Hiza, tangu mwanzo wa ukurasa wa pili. Nami ndiye niliyekuwa nikiwasimamisha watoto wa watu uwanjani kwa kutoamkia wakubwa, na kwetu mkwe ukimwona njiani unajitenga pembeni na kuvua kofia.

"Shikamoo, mama," nikasema, na sauti hiyo ndiyo iliyotoka kama mnong'ono.

"Marahaba, mwalimu."

Hakusema mwanangu. Miaka ishirini alikuwa hajaniita mwalimu.

"Nilikuja kusoma," akasema, "lakini bawaba haisomi." Akasogea mezani, akakiweka kitabu chake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima, akaelekea mlangoni. Nyuma yake wakaingia wengine, mmoja mmoja, yule wa mafua, yule wa mawe ya mtoni, kila mmoja akaweka kitabu chake juu ya kile cha mwenzake, na rundo likawa linapanda mbele ya macho yangu. Nikamwona mkaguzi kesho akiingia katika darasa tupu. Nikamwona na mke wangu jioni ile ile. Nikafungua kinywa kuomba radhi, nikakuta hotuba zangu zote zilihusu makosa ya wengine.

Wakati huo mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amefika mezani lakini kitabu chake hakukiweka. Alikuwa anaitazama mashine.

"Mwalimu, nikuulize. Na wewe umo humo ndani?"

"Humo wapi?"

"Kwenye hiyo kanda. Umesoma na wewe?"

"Mimi? Hapana."

"Basi hiyo si haki. Sisi umetupima, wewe amekupima nani?" Akageuka mlangoni. "Bibi, tafadhali ngoja kwanza. Tumsikie na yeye, ndipo tuondoke vizuri."

Mtu mmoja dirishani akacheka, na cheko hilo likaenda kama moto wa mabua. "Asome ukurasa wa tatu!" akasema yule wa mafua. "Tena aimbe peke yake, bila sisi kumfunika." Mama mkwe alisimama kizingitini. Hakurudi, lakini hakuendelea.

Nikasoma. Hiza alinishikia kinasa sauti cha tepurekoda mbele ya mdomo, nami nikasoma ukurasa wa tatu wa kitabu cha kujifunza kusoma, habari ya mbolea ya samadi, mbele ya watu kumi na tisa waliokunja mikono, nikakwama mara mbili. Kisha nikaimba. Hiza akarudisha kanda nyuma, na akina mama wakapanga mstari kunisikiliza, kila mmoja kwa jozi zote mbili, na hapo ndipo visikizio vile vilipopata hukumu yao ya haki.

Wa kwanza alijaribu ile nzito, ikakataa kupita juu ya kilemba. Akailazimisha, ikakaa juu kama ngata ya kubebea mtungi, haikugusa sikio. Wa pili akafungua kilemba, akaivaa, akasema, "Inabana. Nahisi nimeshikwa na mtu asiyeniamini." Bibi mmoja akaipenda, tena sana, lakini alipoulizwa sauti ikoje alisema sauti hajaisikiliza bado, anaota moto kwanza. Yule mama kijana akaivaa, akafumba macho kama nilivyofumba mimi, na mtoto mgongoni akaanza kulia, akalia hata wenzake wakamshika, na mama hana habari, anatikisa kichwa kwa kufuata wimbo wangu. Walipomvua akasema, "Hii si ya mtu mwenye mtoto." Akaijaribu ile nyepesi, akavuta utepe wa chuma ukarefuka, ukapita juu ya kilemba vizuri. "Hii namsikia mwalimu, na mtoto namsikia. Hata mvua ikija nitajua kama nimeanika mahindi." Kile nilichokiita kuvuja, yeye alikiita kusikia.

"Haya, mgosi anaimbaje?" wakamwuliza, kwa neno letu la milimani la mwanamume.

"Anaimba kama beberu aliyeteleza kwenye tuta, lakini hajaumia." Hiza akaandika, na safari hii hakuhitaji kuamrishwa.

Akabaki mama mkwe. Wakamletea ile nzito, akaitazama, akanitazama mimi, na ndipo nilipoelewa kwamba ningeichagua jozi ile, mwanafunzi wangu bora asingesikiliza somo hata moja, kwa kuwa mama mkwe hafunui kichwa mbele ya mkwewe, hata kwa daktari, hata kwa muziki wa malaika. Nikaichukua ile nyepesi kwa mikono miwili, nikampa nikiwa nimeinama. Akaivaa juu ya kilemba. Alinisikiliza tangu samadi hadi ubeti wa tatu, uso haukuonyesha kitu. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

Nikasema, "Mama, nimekukosea. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe."

Akavua visikizio, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwanangu," akasema, "Jumapili kanisani ukitaka kuimba, kaa upande wa wanaume, kule nyuma kabisa." Akainama mezani. Kitabu chake kilikuwa chini ya vingine vyote, hivyo ilimbidi avitoe kimoja kimoja, na kila alichokitoa alimkabidhi mwenyewe.

Jumatano mkaguzi aliwakuta kumi na tisa wote. Mama mkwe alisoma ukurasa wa tatu, taratibu, nami nawaambieni sauti ile haikuwa ya bawaba. Ilikuwa ya mtu anayejua anakokwenda. Tangu siku hiyo sijapima sauti ya mtu yeyote kabla ya kuisikia yangu, na kila ninapokuwa na jambo la kuwachagulia watu, kwanza huwauliza wao, ingawa majibu yao mara nyingi hayanipendezi.

Mkaguzi alipoziona zile jozi mbili mezani, alishangaa kwamba nzito ndiyo iliyofungwa tayari kwa safari ya Rangwi, akauliza ni nani aliyefanya uchaguzi wa namna hiyo. Nikamwita mbele yule mama kijana, na nilipotaka kumtaja nikatambua kwamba katika daftari la mahudhurio, kwa miezi mitano, nilikuwa nimemwandika Mama Saidi basi, wala sikuwahi kumwuliza jina lake. Nikamwuliza pale pale, mbele ya wote. Alichukua chaki, akamsukuma mtoto mgongoni akae sawa, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa zilizopanda kilima kidogo: ZAHABU BINTI SHEKUE.