Wakoli wa Myanga, Mukhisa wa Kitale

Kituo cha utafiti cha Kitale alikofanya kazi Daktari Kizito Mukhisa kilikuwa na mipaka mikali kuliko mashamba ya urithi. Mukhisa alikuwa mtu wa mahindi. Udongo ulikuwa wa Daktari Kinyua, mkuu wake, na mtu wa mahindi akionekana ameinama kuokota bonge la udongo, Kinyua alikohoa.

Ubaya ni kwamba Mukhisa alipenda kila kitu: udongo, maharagwe, hata nyuki. Mwaka 2002 alipomaliza makala yake ya kwanza ya udongo hakuthubutu kuitia jina lake. Akaandika K. Wakoli, sanduku la posta la mama yake kule Myanga. Wala jina hilo hakuliiba. Alipokuwa mchanga alilia siku tatu mfululizo, nyanya yake akamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, waheshimiwa na walevi, kujua ni jina la nani analolilia, na mtoto analia tu. Alipotajiwa Wakoli, akanyamaza kimya. Mukhisa ndilo jina lililoenda shule na kupata kitambulisho. Wakoli akabaki wa nyumbani.

Sasa Kinyua akaisoma ile makala, na mapenzi yakaanza.

"Huyu ndiye mtafiti, bana," akawa anamwambia Mukhisa kila saa nne ya chai. "Si nyinyi wa kupima magunzi. Ati umemsoma?"

"Nimesikia sikia," Mukhisa alijibu, akizamisha mkate kwenye kikombe ili asicheke.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mukhisa, akitumia jina lake la kitambulisho, akachapisha makala ya kumshambulia Wakoli, kwamba huenda bwana huyo hajawahi kushika jembe. Kinyua akawaka. Akajibu kwa makala mbili nene, akimnukuu Wakoli mara kumi na moja. Mukhisa alitembea kwa furaha wiki nzima. Ni wangapi wamewahi kutetewa hivyo na mkubwa wao wa kazi?

Kisha mwaka 2008 likabandikwa tangazo: anayetaka cheo cha mtafiti mkuu aonyeshe kwamba kazi zake zimenukuliwa na watu wengine mara hamsini. Mukhisa alibakisha mwaka mmoja astaafu, na cheo hicho alikuwa amekitamani tangu aajiriwe. Akaenda kwenye saiba ya Ciru mjini. Kompyuta ikahesabu: Mukhisa, thelathini na moja. Akaomba atafutiwe Wakoli: ishirini na nne.

"Kwani Wakoli ni nani yako, daktari?" Ciru aliuliza.

"Ni mimi."

"Si basi ujumlishe tu."

Kujumlisha kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwamba mwenyekiti wa jopo la vyeo ni Kinyua. Mukhisa alizunguka na karatasi hizo mfukoni wiki mbili, ndipo akaenda Myanga kumchukua mama yake, Nasimiyu, aape mbele ya chifu kwamba majina yote mawili ni ya mwanawe.

"Unaogopa nini?" mama akamwuliza. "Huyo Kinyua si alikusifu?"

"Alimsifu Wakoli, mama."

"Na Wakoli alizaliwa na nani?"

Mbele ya jopo, ziliondolewa mara tatu alizojitaja mwenyewe, ile ya jembe ikiwemo. Zikabaki hamsini na mbili. Bila kumi na moja za Kinyua, cheo hakipo. Kinyua alisoma kiapo cha mama mara mbili.

"Wewe ndio Wakoli?"

"Ndiyo, daktari."

"Miaka sita nakuambia umsome Wakoli."

"Nilimsoma, daktari."

Dinah, mjumbe wa jopo, aliingiza uso kwenye leso. Lakini Kinyua hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa, na Mukhisa akaona haya kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze.

"Nilitaka siku moja nimwalike," Kinyua alisema polepole. "Tutembee naye shambani."

"Mwalike, daktari. Atakuja."

Kinyua akafunga faili.

Mwezi ukapita, Kitale hakuna barua. Mukhisa alikuwa ameshakata tamaa mama yake alipompigia simu: kuna bahasha imefika posta ya Myanga. Akaenda kuichukua, akaifungua akiwa amesimama uani kwa mama. *Daktari K. Wakoli, umepandishwa cheo kuwa mtafiti mkuu.* Chini yake, kwa kalamu ya Kinyua: *Njoo Jumatatu na gambuti za shambani. Mukhisa mwambie aendelee kungoja.*

Alitaka kulalamika. Kitambulisho ni Mukhisa, mkataba ni Mukhisa, miaka yote ile ya mahindi ni Mukhisa. Akafungua mdomo, akaufunga, akaisoma barua tena kuanzia juu.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua maharagwe. Akamtazama mwanawe mzima alivyotulia.

"Hata wakati ule," akasema, "ni hilo tu ulinyamazia."