Dhahabu Iliyojificha kwa Majogoo wa Fedha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1971, nilifika kituo cha kuku cha Arua nimevaa viatu vipya nilivyoazima kwa dada yangu. Mlangoni palikuwa na beseni la dawa, kwa sababu mtu huweza kubeba ugonjwa kwenye nyayo zake akamaliza banda zima. Msimamizi wa mabanda, mzee aliyestaafu jeshini ambaye sote tulimwita Sajini, alilionyesha beseni kwa fimbo.

"Kanyaga ndani, binti."

"Na viatu hii, baba?"

"Kuku najua viatu yako iko mpya? Kanyaga."

Nikakanyaga. Viatu vikaharibika rangi, na dada yangu alininunia mpaka sikukuu ya Idi. Lakini nilipoingia bandani nilisahau viatu, nikamsahau na dada mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kuona kuku wa pindo. Kwetu, nyumba za Wanubi wa Arua, wanawake wanajua sindano, na mimi nilikua nikishona mapindo ya mashuka. Sasa mbele yangu alisimama jogoo mweupe, na kila unyoya wake, hata ule mdogo wa chini ya shingo, ulikuwa umezungushiwa mstari mwembamba mweusi ukingoni. Hapakuwa na mshono uliokosea. Hao waliitwa wa fedha. Banda la pili walikuwa wa dhahabu: pindo ni lile lile jeusi, ila unyoya wenyewe una rangi ya asali.

"Nani nashona hii?" niliuliza kama mjinga.

Sajini alicheka mpaka akashika nguzo. "Mungu iko fundi, binti. Wewe nafikiri ni cherehani ya sokoni?"

Kusoma vifaranga nilifundishwa na Bwana Mifugo, yaani afisa wetu mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kifaranga hana pindo. Anatoka na malaika tu, yale manyoya laini ya utotoni, na hata manyoya yanayofuata hudanganya. Pindo la kweli linakuja miezi baadaye. Lakini rangi unaweza kuijua siku ile ile ya kuanguliwa. Wa fedha ana kichwa cha rangi ya majivu, wa dhahabu ana kichwa kama ganda la ndani la karanga. Bwana Mifugo alinikataza kuwatazama kwa taa, kwa kuwa taa humfanya kila kifaranga awe wa dhahabu. Tulikuwa tunawapeleka dirishani, mmoja mmoja.

Kisha akanionyesha jambo ambalo mpaka leo linanisimamisha nywele. Kuku jike humpa rangi yake mwanawe wa kiume tu. Binti hufuata baba. Na palipo na fedha na dhahabu pamoja, fedha huifunika dhahabu. Kwa hiyo ukimpa jogoo wa dhahabu majike wa fedha, wana wao wa kiume wote hutoka majivu na mabinti wote hutoka karanga. Kifaranga bado ana unyevu wa yai, na wewe tayari unajua huyu atataga na yule atawika! Wanawake wa Manibe na Onduparaka walijaa getini siku za kuangua, wakitaka majike, na mimi niliwagawia bila kubahatisha. Wengine walisema nina dawa.

Siku moja tukafungua kiangulio, ile mashine ya mafuta ya taa ya kupashia mayai joto, tukakuta majivu matupu. Hapakuwa na karanga hata mmoja. Wanawake wakaanza kupiga kelele getini.

"Majike yetu iko wapi?"

Kumbe Sajini alikuwa amebadilisha majogoo. Alimpenda yule jogoo wa fedha kupita kiasi, akaona si haki bwana harusi kama huyo akose wake wapya, akampeleka kwa majike wa dhahabu. Nilitegemea Bwana Mifugo angefoka. Yeye aliokota kifaranga, akamgeuza dirishani taratibu.

"Mabinti wamefuata baba, wamekuwa fedha kabisa," alisema. "Lakini hawa wa kiume wamebeba dhahabu ya mama. Imefunikwa tu. Haijapotea."

Sajini alininong'oneza, "Mutu mukubwa nafariji sisi." Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Baadaye tulihamishiwa Koboko, mimi na Sajini, kuanzisha kituo kidogo. Bwana Mifugo alipelekwa kusini mwa nchi. Alipokuwa akituaga alinikabidhi makundi yote mawili na kuniambia, "Kuku hawa wakiisha hapa, sijui utawapata wapi tena." Maneno hayo yalinikaa kifuani.

Kideri kilituingilia mwaka 1978. Ni ugonjwa unaopinda shingo za kuku, na ukishaingia hauchagui. Tulichimba mashimo na kufukia. Ulipopita, tulibaki na jogoo mmoja wa fedha, majike wachache wa fedha, na jike mmoja tu wa dhahabu. Jogoo wa dhahabu hakubaki hata mmoja. Nikamweka jike yule na jogoo wa fedha, kwani ningefanya nini? Vifaranga wake wote walitoka majivu. Halafu naye akafa. Nilikaa chini mlangoni mwa banda, karibu na beseni la dawa, nikalia kwa sauti, na wala sikujali nani ananisikia.

"Dhahabu nakwisha," Sajini alisema. "Basi. Fuga fedha."

Vita vilipofika 1979, Koboko yote ilivuka kwenda Kongo. Watu walibeba magodoro na masufuria. Mimi nilibeba tenga la watoto wa yule jike, wote wa fedha, sasa wameanza kuwika na kutaga. Ng'ambo kulikuwa na njaa. Jamaa walinitazama mimi, wakalitazama tenga.

"Mama, hii ni mboga," walisema.

Sajini mwenyewe alinishauri tuchinje. Nilikubali tule majogoo, lakini nikabakiza mmoja, na jike mmoja aliyekuwa ameanza kuatamia. Nilimtengea mayai yake chini ya turubai. Nilikuwa nimeshikilia maneno ya Bwana Mifugo kwamba dhahabu imefunikwa tu, na kusema kweli sikuyaamini hata kidogo.

Asubuhi mayai yalipopasuka, nilimwita Sajini amshike mama kuku. Nikatoa wa kwanza: majivu. Wa pili: majivu. Wa tatu nilimtoa nje ya kivuli cha turubai, kwenye mwanga, kwa sababu sikuyaamini macho yangu.

Kichwa chake kilikuwa ganda la karanga.

Sajini alikaa chini kwenye vumbi. "Baba iko fedha. Mama iko fedha. Hii natoka wapi?"

"Kwa bibi yake," nikasema. "Baba alimbeba wakati wote. Na huyu ni jike."

"Wewe najuaje? Bado nalowa!"

Nilijua. Angekuwa wa kiume, fedha ya mama ingemfunika. Binti hufuata baba, na baba alikuwa na fedha na dhahabu ndani yake.

Nimestaafu siku nyingi sasa, niko Manibe. Vijana wananiuliza kazi yetu ilikuwaje bila umeme wala chanjo za kutosha, nami nawajibu nikiweza. Bwana Mifugo sikumwona tena, wala sikupata kumwambia. Lakini miezi baada ya siku ile ya Kongo, yule binti alipobadilisha manyoya, Sajini alinijia mbio na viatu mkononi, mzee mzima, akipaza sauti kambi nzima isikie:

"Pindo! Pindo nakuja!"