Rula ya Chuma Mtoni

Mwaka 1936 Sadoki aliajiriwa na serikali kupima maji ya mto, huku juu ya Makumira, na jamani, alikuwa na maringo! Kila asubuhi kaptula imepigwa pasi, daftari kwapani, anashuka kusoma rula ya chuma iliyosimikwa majini.

Rula hiyo ilipaswa kusimama juu, kabla mfereji wa ukoo haujachukua maji. Baba yake, Mzee Anande, msimamizi wa mfereji, alikataa katakata. Pale mfereji unapoanzia babu zao walichinja kondoo. Chuma cha mgeni hakisimikwi. Sadoki, mtoto mwenye adabu, akaisimika chini, ambako maji hufika baada ya migomba na kahawa za ukoo wote kunywa. Alimweleza Bwana Mkubwa wa idara ya maji, mtaalamu aliyesoma mpaka basi.

"Bwana, hapa ni mabaki tu. Maji mengi yako mferejini."

"Wewe soma rula," akajibiwa.

Akasoma. Miaka mitatu! Hakudanganya hata siku moja, masikini.

Kumbe Bwana Mkubwa alikuwa anatafuta cheo, na walowezi wa mashamba ya chini, walioyataka maji yote, ndio waliokula na Gavana meza moja. Akazichukua namba za Sadoki, mabaki akayaita mto mzima. Mto unakufa, akaandika, Wameru wa huku juu wanaumaliza. Eti utaalamu umesema. Utaalamu gani huo, unaoangalia kwanza nani wa kumpendeza?

Amri ya kuziba mfereji ilipokuja, Sadoki ndiye aliyepewa kuisoma mbele ya wazee, maana ndiye msomi. Alipofika kwenye namba, akazisoma mara mbili.

"Namba hizo kaandika nani?" Mzee Anande akauliza.

"Ni mimi, baba."

Mzee hakumtukana. Afadhali angemtukana! Alimkabidhi koleo.

"Basi anza wewe."

Akaanza kufukia, Hanna, mama yake, akilia waziwazi.

Kesho yake alishuka mtoni kama kawaida. Maji yalikuwa yamefunika alama ya juu kabisa ya rula. Akaiandika, akaipeleka idarani.

Mwezi haukwisha, Bwana Mkubwa akapandishwa cheo kwa kuuokoa mto. Sadoki naye akaletewa barua ya pongezi na kaptula mpya. Aliipokea barua hiyo shambani, akiwa anakata migomba ya baba yake iliyokauka.